Kipando cha Mtu na Watu Wake: Mas-ala ya Kununua Gari Mtoto Akikaribia Kuzaliwa

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake, twasema:

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi hapa Minjila, ndugu mmoja kijana alitutolea swali ambalo tuliona jawabu lake lapasa kuandikwa, kwa sababu si swali lake peke yake. Alisema:

"Sheikh, mke wangu ana mimba ya miezi sita, na huyu ndiye mtoto wetu wa kwanza. Gari sina. Kila aendapo kliniki hupanda bodaboda, na moyo wangu haunipi raha mpaka nimwone amerudi. Nina akiba ya shilingi 300,000. Rafiki zangu wanishauri nikakope benki 600,000, nitimize 900,000, ninunue gari kubwa la heshima, kwa kuwa mtu akishaitwa baba haimpendezi tena kuonekana juu ya bodaboda. Na wazee wangu wengine waniambia gari jipya lisitiwe njiani mpaka lifungwe hirizi na kuchinjiwa. Je, sharia yasemaje? Na wewe wanipa shauri gani?"

Ndugu zangu, hili swali lina mambo mengi ndani yake, nasi tutayatenga moja moja. Lakini kabla ya kuyatenga twapenda kusema neno moja ambalo ndilo msingi wa jawabu lote. Kijana huyu asema gari ni kwa ajili ya mtoto. Basi na mtoto awe ndiye mizani. Kila hatua atakayoichukua, katika fedha, katika kuchagua, katika kulifunga na kuliendesha, ajiulize: hili lamfaa mtoto, au lanifaa mimi mbele ya watu? Wengi wetu hununua gari kwa jina la mtoto, kisha mtoto akawa ndiye wa mwisho kufikiriwa ndani yake.

ASILI YA MAS-ALA

Kuwa na kipando si dunia ya kukimbiwa. Katika Surat an-Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu ametaja farasi na nyumbu na punda katika neema zake, kisha akataja kwamba huumba na vingine tusivyovijua. Na wanavyuoni wengi wa zama hizi wameyaona magari na vyombo vya angani kuwa yamo katika maana hiyo. Na katika hadithi aliyoipokea Saad bin Abi Waqqas, iliyomo katika kitabu cha Ibn Hibban, Mtume (s.a.w.) amehesabu mambo manne kuwa ni katika furaha ya mtu: mke mwema, nyumba yenye nafasi, jirani mwema, na kipando chenye raha.

Basi asitokee mtu akamwambia kijana huyu kwamba kutaka gari ni kupenda dunia. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, amekaa upande juu ya pikipiki, na mbele yake dereva na nyuma yake abiria mwingine, huo si ucha Mungu wa mumewe. Ikiwa mume ana uwezo na hakumwondolea mashaka hayo, ataulizwa, kwa kuwa yeye ni mchunga wa watu wa nyumba yake.

Lakini litazameni neno lenyewe. Kilichosifiwa ni kipando chenye raha, wala si kipando chenye kuwashangaza majirani. Raha ya kipando ni kwamba wenye kukipanda watulie, na mwenye kukimiliki alale usingizi. Gari ambalo kila mwisho wa mwezi humtia mwenyewe katika hofu ya kunyang'anywa halimo katika furaha hiyo, hata lingekuwa kubwa namna gani.

MAS-ALA YA KWANZA: HAJA YENYEWE NI IPI?

Twajua sote jinsi tulivyokaa. Mji wetu uko kando ya njia kuu itokayo Malindi, na hapa karibu na Garsen njia hugawanyika, moja ikaelekea Hola na Garissa, na nyingine Witu na Lamu. Hospitali ya Ngao iko katika delta yetu hii. Hospitali kubwa ziko Malindi na Hola, na huko ni mwendo. Mwenye mimba akipatwa na tatizo usiku, mashaka ya kwanza ni daktari, na ya pili ni jinsi ya kumfikia daktari.

Basi haja ya kijana huyu yagawanyika sehemu mbili. Iko haja ya hii miezi mitatu, nayo ni kumfikisha mke kliniki na kumfikisha hospitali siku ya uchungu. Na iko haja ya miaka ijayo, nayo ni mtoto, chanjo zake, safari za kumwona bibi yake, na kila kinachofuata. Watu huzichanganya haja hizi mbili, wakadhani ya kwanza haitimizwi ila kwa kununua gari leo. Sivyo. Haja ya kwanza yatimizwa kwa kukodi. Mwenye gari na dereva mwaminifu watafutwe mapema, bei ipatanwe mapema, na namba ya simu iandikwe ukutani. Na awe na wa pili wa kumrithi ikiwa wa kwanza yuko safarini.

Na liko jambo ambalo sisi wa Tana hatuna udhuru wa kulisahau. Gari halishindani na mto. Mwezi wa Novemba 2023 maji yalipofurika, njia ya Garsen kwenda Lamu ilikatika, na magari madogo na makubwa yakasimama sawasawa. Na mwaka 2024, mwezi wa Aprili, mto ulifurika tena, na huko juu karibu na Garissa mashua ya abiria ikapinduka katika maji yaliyofunika njia, watu wakafa. Basi kijana na ahesabu miezi yake. Ikiwa siku za kujifungua zaangukia masika au vuli, tadbiri iliyo bora kuliko gari lolote ni kumpeleka mke akae kwa jamaa karibu na hospitali majuma mawili au matatu kabla ya siku zake.

Tena na ashauriane na mkewe. Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amelifungamanisha jambo la kumwachisha mtoto ziwa na kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Ikiwa ziwa lina mashauri, vipi deni la miaka minne liamuliwe barazani na rafiki, na mke aje aambiwe gari likiwa mlangoni? Huenda akasema kwamba alitakalo kwanza ni chandarua, tangi la maji, na fedha za hospitali. Naye ndiye abebaye mimba, ajua.

MAS-ALA YA PILI: FEDHA NA RIBA

Hapa ndipo penye uzito wa swali. Na tupige hesabu, kwa kuwa hesabu husema kweli mahali ambapo maneno hufichaficha.

Tuseme kijana ameikopa benki 600,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, kulipa kwa miezi 48. Atalipa kama 17,000 kila mwezi, na jumla yake ni kama 816,000. Yaani atarudisha shilingi 216,000 zaidi ya alizochukua, na kwa muda huo gari lenyewe laishuka thamani kila mwaka. Na akichelewa, huongezwa faini. Na akishindwa, gari huchukuliwa na kuuzwa, na likiuzwa kwa chini ya deni, yeye hudaiwa yaliyosalia, hali gari hana.

Hukumu yake haina khitilafu ya kutajwa. Mkopo wenye ziyada iliyoshurutishwa ni riba, na riba ni katika madhambi makubwa. Wala jina la mtoto haliihalalishi. Dharura ihalalishayo kilichoharimishwa ni ile ambayo mtu hana njia nyingine ila hiyo, nasi tumekwisha kuona kwamba njia nyingine ipo.

Wengine watasema: "Mbona benki za Kiislamu nazo huuza gari kwa bei ya juu? Laki tisa huwa milioni na zaidi. Si mamoja hayo?" Hili si swali jipya. Walisema hivyo hivyo watu waliotajwa katika Surat al-Baqara, aya ya 275, walipodai kwamba biashara na riba ni kitu kimoja, wakarudiwa. Tofauti yake ni hii. Katika biashara ya murabaha benki hulinunua gari, ikalimiliki, likawa katika dhamana yake, hata lau lingeteketea kabla ya kukuuzia ingekuwa ni hasara yake; kisha hukuuzia kwa bei iliyotajwa, nayo bei hiyo haiongezeki hata ukichelewa. Katika riba mkopeshaji hauzi kitu; huuza muda tu, na muda ukizidi naye huzidisha.

Hapa Kenya benki za namna hiyo zimeanza kazi mwaka 2008, na baadaye hata baadhi ya benki nyingine zikafungua milango ya Kiislamu. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini twawanasihi ndugu zetu wasitosheke na maandishi ya mlangoni. Muulize afisa: Ni nani alinunuaye gari kutoka kwa mwenyewe? Liko katika dhamana ya nani kabla ya mimi kutia sahihi? Nikichelewa kulipa, ziyada yaenda wapi? Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Basi ikiwa benki haikulimiliki gari hata dakika moja, ila imekupa fedha na kuziita kwa jina la Kiarabu, hapo mbele yako pana hila, hakuna murabaha.

Na hata deni lililo halali si jambo jepesi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na kuelemewa na deni. Na aliletewa maiti ambaye alikuwa na deni la dinari mbili, akajizuia kumsalia, mpaka Abu Qatada alipozichukua juu yake. Baadaye, Mwenyezi Mungu alipomfungulia, akawa yeye mwenyewe huyalipa madeni ya waliokufa hawana kitu. Ikiwa dinari mbili zilikuwa na uzito huo, mwenye kutaka kudaiwa mamia ya maelfu na afikiri mara mbili.

Sasa twamwambia kijana: Wewe umekubali kwamba waweza kuilipa benki 17,000 kila mwezi. Basi waweza kujilipa mwenyewe. Ziweke kando kila mwezi, na baada ya miezi 24 utakuwa na 408,000. Katika laki tatu ulizo nazo, ondoa kwanza gharama za kujifungua, mchango wako wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024 mahali pa NHIF, za kukodi gari, na za akika. Tuseme zimekutoka 80,000. Zimesalia 220,000. Ukizijumlisha na hizo, baada ya miaka miwili una 628,000 taslimu, wala hudaiwi na mtu. Na ikiwa wataka kuharakisha, jiunge na jamaa waaminifu katika kikundi cha kupokezana, kila mtu atoe sawa na apokee sawa; hapo hapana riba. Au mzee wa ukoo akukopeshe mkopo mwema, na uandikwe kwa mashahidi.

Na huenda hiyo 17,000 huna kweli kila mwezi. Ikiwa umeshindwa kujiwekea mwenyewe kwa miezi mitatu, basi imekudhihirikia kwamba ungeshindwa kuilipa benki, na Mwenyezi Mungu amekuepusha na balaa kwa bei rahisi.

MAS-ALA YA TATU: KULICHAGUA, KULIKAGUA NA KULIANDIKA

Akijaaliwa kufikia siku ya kununua, ajue kwamba bei ya gari si bei yake yote. Liko petroli, yako matairi na breki na mafuta ya injini, iko bima ambayo kwa sheria ya Kenya haliendi gari njiani bila kuwa nayo angalau ile ya kuwalinda watu wengine. Bima hiyo ndogo haimlipi mwenye gari kitu likiharibika gari lake. Na mwenye kutaka kujiepusha na shubuha, takaful imekuwako nchini tangu mwaka 2011; na aulizie.

Magari mengi tuyaonayo hutoka Japani yakiwa yametumika, yakashushwa Mombasa, na kanuni ya nchi hairuhusu liingie gari lililopita miaka minane. Lakini gari lililoingia zamani likauzwa mara tatu hapa nchini ni jambo jingine. Umri wake waujua kitabu chake, na hali yake huijua fundi. Usiende kununua bila fundi wako mwenyewe, wala usimchukue fundi wa muuzaji. Na atazame chini ya gari kuna kutu gani, kwani magari ya pwani huliwa na chumvi. Atazame matairi, breki, na alama za kugongwa na kunyooshwa. Na ile saa ya kilomita isikudanganye, kwa kuwa iko mikono hodari wa kuirudisha nyuma.

Kwa njia zetu, gari lililo chini sana litakuwa radhi lami tu. Likitoka kwenda vijijini wakati wa matope litalia. Lakini si lazima kwa hivyo kupanda mpaka kwenye gari la fahari. Gari la wastani, lenye nafasi nyuma, lenye vipuri vinavyopatikana Malindi na Mombasa, na ambalo kila fundi alijua, ndilo lenye raha. Watu wa njia hizi wazijua Toyota Probox kwa kazi zake. Ila gari lililotengenezewa mizigo kwanza, litazame vyema kiti chake cha nyuma na mikanda yake: je, kimetulia? Je, kila mahali pana mkanda wa kupita begani na kiunoni? Hapo ndipo atakapokaa mtoto. Mnunuzi hukaa mbele akajaribu usukani na redio. Ni nadra kumwona aliyekaa nyuma akajaribu mkanda.

Muuzaji naye ana dhamana. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo la chakula sokoni, akaona umajimaji ulioficha chini, akamwambia mwenyewe kwamba ilimpasa auweke juu watu wauone, na kwamba mwenye kughushi hayumo katika sisi. Kurudisha saa ya kilomita, na kupaka rangi juu ya kutu, ndiyo lundo hilo hilo. Na mnunuzi akikuta aibu iliyofichwa, sharia imempa khiyari ya kulirudisha.

Kisha iandikwe. Wako ndugu hununua gari kwa kupeana mikono, wakaliacha katika jina la muuzaji miaka na miaka, kwa kuona uvivu au kwa kukwepa ada. Muuzaji akifa, warithi wake hawajui lolote, nao wanacho kitabu cha gari chenye jina la baba yao. Hapo hugeuka ugomvi, na mayatima wa huyu hukabiliana na mayatima wa yule. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya 282 ya al-Baqara, nayo ni ya kuandikiana deni na kushuhudisha biashara. Na gari lihamishwe jina kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, na namba ya chesisi ilinganishwe na iliyo katika maandishi kabla fedha hazijatoka mkononi.

MAS-ALA YA NNE: KITI CHA MTOTO

Hili ndilo ambalo halikuulizwa, nalo ndilo kubwa kwa mtoto mwenyewe. Desturi yetu ni kumpakata. Mama hukaa na mtoto kifuani, pengine mbele karibu na dereva, nasi twaona hapana mahali pa salama kama mikono ya mama. Katika nyumba ni kweli. Katika gari si kweli, na sababu yake yafahamika kwa hesabu.

Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, huo ni mwendo wa mjini tu, likigonga na kusimama ghafula, kishindo chake ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani juu ya mnazi. Mtoto mdogo kwa ile nukta moja huvuta mbele kama mzigo ulio mzito mara nyingi kuliko uzani wake. Hakuna mama awezaye kuuzuia, si kwa kupungua mapenzi, bali ni kwa kuwa mikono haikuumbwa kwa hilo. Na ikiwa mama mwenyewe hakufunga mkanda, humwangukia mtoto.

Mkanda huu wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo, mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaachia wenziwe wautumie. Lakini ulipimwa kwa mwili wa mtu mzima. Mtoto mchanga kichwa chake ni kizito kwa mwili wake na shingo yake ni laini, kwa hivyo hutengenezewa kiti chake cha garini, kikafungwa nyuma, na mtoto akaelekezwa uso nyuma ya gari, ili kishindo kikija kienee mgongoni mwote kisiivunje shingo. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema viti hivi vyaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa kiasi cha asilimia 71. Na akae hivyo uso nyuma angalau mpaka apite miezi 15. Na kadiri azidivyo ndivyo bora.

Yako mambo matatu ya kuangalia. Kiti hicho kisifungwe mbele penye ule mfuko wa hewa ufutukao ajalini, kwa kuwa mfuko huo humpiga mtoto ukamwua. Kikiwa cha mtumba, kiulizwe khabari zake: kilichowahi kuwa katika ajali hakifai, na kilichopita muda ulioandikwa juu yake hakifai. Na mwenye kukifunga ajizoeze kabla mtoto hajazaliwa, kwani siku ya kutoka hospitali haina subira ya kusoma maagizo.

Tena mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa, hata kwa kitambo cha kuingia dukani. Kwa jua letu hili, katika dakika 10 joto la ndani laweza kupanda kwa kiasi cha digrii 10, na mwili wa mtoto hupata moto upesi kuliko wetu. Na safari za usiku zipunguzwe ila kwa haja, kwa kuwa ng'ombe na ngamia huvuka njia zetu, na taa huwaona wakati umepita.

Twawasikia wengine wakisema: "Ajali ni kadari, kiti chafaa nini?" Ndugu, aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, aliamrishwa afunge kisha atawakali. Ikiwa ngamia hufungwa, mtoto haachwi bila kufungwa. Na mwenye kununua rimu za kung'ara na spika za nyuma, akasema kiti cha mtoto ni ghali, huyo amekwisha kuonyesha gari ni la nani.

MAS-ALA YA TANO: HIRIZI NA KUCHINJIA GARI

Jambo la kuning'iniza hirizi kwenye kioo, na kufunga vitambaa chini ya injini, na kumwaga damu ya mbuzi juu ya matairi, hatuna haja ya kwenda mbali kulitafutia hukumu. Zama za Mtume (s.a.w.) watu walikuwa wakiwavisha ngamia zao kamba za upinde shingoni kuwakinga na jicho. Katika hadithi ya Abu Bashir al-Ansari, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume alituma mtu safarini kwamba zisibakie shingoni mwa ngamia kamba hizo ila zikatwe. Ngamia alikuwa ndiye kipando cha siku hizo. Hukumu ya kipando cha leo ni hiyo hiyo.

Twawaheshimu wazee wetu, na wasemalo hulisema kwa kutupenda. Waambiwe kwa adabu: kinga yapo. Adhkari za kupanda zipo, na katika Surat az-Zukhruf, aya ya 13 na ya 14, tumefunzwa tukikaa juu ya kipando tukumbuke neema, tukiri kwamba si nguvu zetu zilizokitiisha, na kwamba marejeo yetu ni kwa Mola wetu. Na mwenye mbuzi wa kuchinja, mtoto anamngojea akika siku ya saba. Fedha alizotaka mganga zikanunue matairi mawili mema ya mbele, kwani hirizi haishiki breki.

MAS-ALA YA SITA: HAKI YA ASIYE NA GARI

Twamalizia na hili. Usiku wa mvua alipozaliwa mtoto wangu wa kwanza, mimi sikuwa na gari wala fedha ya kukodi. Nilimgongea jirani, saa nane za usiku. Alitoka na funguo mkononi, hata kanzu hakuivaa vyema, akatupeleka Ngao kwa mwendo wa pole, akakaa nami nje ya mlango mpaka alfajiri. Asubuhi nilipomtolea fedha za petroli alizirudisha, akasema kuwa mkewe naye alipelekwa na mtu. Gari lake lilikuwa bovu la rangi, na mlango mmoja haufunguki kwa ndani. Sijapanda kipando chenye raha kuliko kile.

Abu Said al-Khudri amepokea kwamba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), akawaamrisha kwamba mwenye ziyada ya kipando amfae asiye nacho. Basi kijana akijaaliwa gari, ajue kwamba katika mtaa wake wamo wenye mimba ambao waume zao hawana hata hizo laki tatu. Aliweke petroli ya dharura, na awaambie majirani kwamba usiku wasione haya kugonga.

KHITIMISHO

Jawabu letu kwa ufupi ni hili. Kutaka gari kwa ajili ya mke na mtoto ni jambo jema. Kulipata kwa riba ni haramu, na dharura ya kulihalalisha haipo. Kwa miezi hii mitatu akodi, apange, na autazame mto. Na kwa miaka ijayo ajiwekee, anunue gari la kiasi chake, alikague, aliandike, na amfunge mtoto katika kiti chake. Hirizi asiifunge.

Kwa darsa ijayo kila mmoja na aje na majibu ya maswali haya: Katika mtaa wako, ni nani atakayegongewa usiku mwenye mimba akipatwa na uchungu? Je, msikiti wetu waweza kuweka fungu la kukodi gari kwa asiyejiweza? Na gari ulilo nalo leo, limeandikwa kwa jina la nani?

Mwenyezi Mungu awajaalie wake zetu kujifungua kwa salama, na watoto wetu awafanye kitulizo cha macho yetu. Wabillahi tawfiq.